Kitendawili Kisichotozwa Mji: The Beast Must Die Mbele ya Simba wa Vuga

Miongoni mwa filamu za kutisha zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1970 kwa fedha kidogo na haraka nyingi, imo moja ambayo msomaji wa mwambao ana sababu ya pekee ya kuitazama, na sababu ya pekee ya kusikitika akisha kuitazama. Nayo ni The Beast Must Die, yaani "Lazima Mnyama Afe", iliyotoka mwaka 1974 chini ya uongozaji wa Paul Annett na kutayarishwa na kampuni ya Amicus. Mhusika wake mkuu ni mwindaji mweusi. Mada yake ni mtu ageukaye mnyama. Mambo hayo mawili, mwindaji na mtu-mnyama, ndiyo yaliyo kiini cha mojawapo ya hadithi kubwa kabisa za Afrika ya Mashariki, ile ya Mbega na ufalme wa Vuga, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Hadithi hiyo iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa upya mwaka 1962. Kwa hiyo mtazamaji aliyekwisha kuisoma haingii katika filamu ya Annett mikono mitupu. Anaingia na mizani yake. Makala haya yanaipima filamu kwa mizani hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Tom Newcliffe, tajiri ambaye kazi na starehe yake ni kuwinda wanyama wakubwa, anawaalika wageni wachache katika jumba lake lililojitenga mashambani. Wakisha kutulia anawaambia kwamba mmoja wao ni mtu ambaye mwezi unapopevuka hugeuka mbwa mwitu na kuua, na kwamba hapana atakayeondoka mpaka ajulikane. Msitu wote umetegwa kamera na vinasa sauti, na mtumishi aitwaye Pavel amefungiwa chumbani akitazama skrini usiku kucha. Miongoni mwa wageni yumo mwanadiplomasia, yumo Jan mpiga piano na msichana Davina ampendaye, yumo mchoraji anayesemwa kuwa aliwahi kuonja nyama ya mtu, na yumo Daktari Lundgren, bingwa wa elimu ya viumbe hao, anayeigizwa na Peter Cushing. Yuko pia Caroline, mke wa Newcliffe. Mnyama anaua, mwindaji anakosa, na wageni wanazidi kutazamana kwa jicho la shaka.

Mnyama anapotokea, masikitiko yanaanza. Ni mbwa. Ni mbwa mkubwa wa kufugwa, aliyeongezwa manyoya, anayekimbia kwa bashasha ya mbwa aliyeitwa na bwana wake. Kiswahili humwita mnyama wa Ulaya anayekusudiwa hapa mbwa mwitu, kama asomwavyo katika tafsiri za Biblia, ingawa katika nyika za Afrika jina hilo ni la mnyama mwingine kabisa. Mtazamaji wa Kiswahili aonapo kiumbe cha Annett hulazimika kulikata jina hilo nusu: mbwa yupo, mwitu haupo. Usiku nao ni mchana uliotiwa giza kwa hila ya kamera. Muziki ni wa dansi ya miaka ile, wenye kufaa zaidi mbio za magari; na kwa kuwa filamu ina mbio za magari pia, hapo angalau muziki unapata pa kukaa.

Watetezi wa filamu husema kwamba fedha hazikutosha. Hoja hiyo haiwezi kukubalika, hasa na wapenzi wa ushairi. Mtunzi wa tarbia amepewa mizani 16 katika mshororo, nane upande huu na nane upande ule, na vina vinamngoja mwisho wa kila kipande. Hapana mshairi anayesifiwa aliyewahi kudai kwamba shairi lake lingekuwa zuri lau angepewa mizani 20. Ufinyu humfundisha mtunzi nini cha kuacha. Katika sinema jambo hili lilikwisha kuthibitishwa zamani. Mwaka 1942 huko Marekani, mtayarishaji Val Lewton na muongozaji Jacques Tourneur walitengeneza Cat People, filamu ya fedha kidogo kuhusu mwanamke anayeogopa kwamba akipendwa atageuka chui. Kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kumwonyesha mnyama wa kuaminika, walimficha. Mwanamke mwingine yumo katika bwawa la kuogelea, taa ni hafifu, kivuli kinapita ukutani, mngurumo unasikika, basi. Tukio hilo lingali linatisha baada ya miaka zaidi ya 80.

Wala haikuhitajika kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu wazima walitoka majumbani wakalala nje makundi kwa makundi, wakiota moto mpaka alfajiri. Kilichowatoa vitandani hakikuwa picha. Yalikuwa maneno, na jina lenyewe lililoundwa kwa popo na bawa, na kiumbe kilichosemwa kuwa kinamwamuru aliyedhuriwa akawasimulie wenzake. Msanii anayetaka kujua hofu hugharimu kiasi gani angeuliza Pemba. Hugharimu ulimi wa msimulizi na usiku wa kweli.

Kasoro kubwa ya The Beast Must Die basi haiko mfukoni. Iko katika usukaji wa kisa. Filamu inaanza kwa sauti inayomwambia mtazamaji kwamba huu ni upelelezi na mpelelezi ni yeye. Karibu na mwisho picha inasimama, saa inaonekana, nyuso za wanaoshukiwa zinapitishwa, na mtazamaji anapewa nusu dakika ya kukisia nani ni mnyama. Hila hii ilipachikwa na mtayarishaji Milton Subotsky, na muongozaji mwenyewe hakuifurahia.

Kwa jamii zilizolelewa na vitendawili hili si jambo geni, na ndiyo maana upungufu wake unaonekana upesi. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", na ikishindwa, mtegaji hudai mji. Mji huo ni wa maneno tu, lakini kanuni ina hekima ndani yake: kutojua kuna malipo, na aliyeshindwa hutoa kitu chake. Aidha, jibu la kitendawili kizuri ni kitu ambacho msikilizaji amekuwa nacho siku zote, kama yai lilivyo jibu la nyumba isiyo na mlango. Akitajiwa hushangaa jinsi alivyopita mbele yake asikione. Kitendawili cha Annett hakina sifa hizi. Jibu lake ni Jan, mpiga piano. Lakini lau lingekuwa mchoraji, au msichana Davina, karibu hapana tukio lililotangulia ambalo lingehitaji kubadilishwa. Mtazamaji akikosea hapotezi kitu, akipata hapati kitu. Hiyo ni bahati nasibu iliyovaa kanzu ya kitendawili.

La kusikitisha zaidi ni kwamba chanzo cha filamu hakikuwa hivyo. Hadithi fupi ya James Blish ya mwaka 1950, There Shall Be No Darkness, haimfichi mnyama. Mchoraji Paul Foote anamtambua mpiga piano mapema kabisa, na hofu yote inatokana na kujua. Watu wamekaa meza moja na mtu wanayemfahamu, ambaye mikono yake imetoka kuwapigia muziki mtamu, na wanajua itakuwa nini mwezi ukipanda. Watengenezaji wa filamu walilitupa swali la "tumfanyeje aliye mmoja wetu?" wakalichukua la "ni nani?". La kwanza lina uzito wa msiba. La pili ni la gazeti la mafumbo.

Hapa ndipo milima ya Usambara inapomfaa mhakiki, kwa maana Washambaa wamelishika swali la kwanza kwa vizazi vingi. Mbega, kama anavyosimuliwa, alizaliwa nchi ya Nguu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa: huyo ni kigego, mtoto aliyedhaniwa kuwaletea jamaa zake mauti. Alinyimwa haki yake ya urithi, akawa mwindaji, akaandama nguruwe mwitu kwa mbwa na mikuki. Kijana wa kichifu aliyekuwa sahibu yake alipouawa mawindoni, Mbega akakimbia, akaishi porini, akala nyama, akalala mapangoni. Hata jina lake, katika sikio la Kiswahili, ni jina la mnyama: mbega ni yule kima mweusi mwenye mashungi meupe ambaye hadi leo huruka katika miti ya misitu ya Usambara. Kwa kila alama ambayo filamu ya Ulaya humtambulia mtu-mnyama, yaani meno, nyama, usiku na msitu, Mbega ameshitakiwa na kukutwa nazo zote.

Lakini mwendo wa hadithi ni kinyume. Mtu-mnyama wa Ulaya hutoka nyumbani akaenda mwituni. Mbega anatoka mwituni akaja nyumbani. Anawapa wenyeji nyama, nao wanampa chakula cha shamba. Anawaulia nguruwe waharibuo mazao, anawaamulia magomvi yao, anapewa wake. Usiku simba anavamia ng'ombe, naye anamwua; kukicha watu wanamkuta simba amelala, na mgeni amesimama. Wanampa jina la simba aliyemwua, na kutoka hapo wafalme wa Vuga wakaitwa Simba Mwene. Watu wa Usambara walitegewa kitendawili cha mtu aliyetoka msituni, nao wakatoa mji. Walitoa Vuga.

Isidhaniwe kwamba kwa hilo mnyama alikuwa amekwisha. Ukubwa wa hadithi hii uko hapo hasa. Aliyepewa jina la simba amepewa makucha pia. Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nguvu iliyoleta mvua ndiyo hiyo hiyo iliyoweza kuizuia, na penye wenye nguvu wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, nchi huona njaa. Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala eneo kubwa la milima hiyo na nchi zilizo chini yake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, wana wa ukoo wakagombana, bunduki zikapanda kutoka bondeni, na raia wakakamatwa na kuuzwa. Simba waliyemkaribisha nyumbani akawala. Wabondei, katika uasi uitwao Kiva, wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Haya Abdallah bin Hemedi anayaeleza bila kumwonyesha mtu yeyote akiota manyoya, na msomaji anaogopa kuliko alivyoogopa mbele ya mbwa wa Annett, kwa sababu mtu-mnyama huyu hana haja ya mwezi mpevu.

Turudi kwa Newcliffe. Mwenye macho ya Usambara anamtazama na kuona mara moja kwamba watengenezaji wa filamu walikuwa na dhahabu mkononi wakaitumia kama jiwe la kufungia mlango. Calvin Lockhart, mzaliwa wa Bahama, anamwigiza mwindaji huyu kwa mwili uliojaa shauku: anatembea kama anayenusa, anacheka kabla ya wenzake, anawafungia wageni ndani ya boma na kuwaita mawindo bila kuwaita. Katika tukio la mwanzo, ambalo ndilo bora kuliko yote, yeye mwenyewe anawindwa msituni na watu wenye silaha, anaanguka mbele ya wageni wake, kisha anainuka akicheka, kwani yote yalikuwa jaribio la mitambo yake. Dakika hizo chache zinasema kila kitu: mwindaji na mwindwa ni mtu mmoja. Mnyama wa jumba hilo amekwisha kuonekana, naye ni mwenye nyumba. Kisha filamu inalisahau neno lake yenyewe na kuanza kuhesabu wageni.

Mara moja tu inakumbuka. Ili kumfichua mnyama, Newcliffe anamtaka kila mmoja atie kinywani risasi ya fedha. Zamu ya Caroline inapofika, mke ndiye anayegeuka. Alikuwa amempakata mbwa wake aliyejeruhiwa na mnyama, na uchafu wa jeraha ukamwingia mkononi. Newcliffe anampiga risasi. Hapa palikuwa pahala pa kusimama: mtu aliyetaka kichwa cha mnyama kwa ajili ya ukuta wake amemwua aliyelala naye kitanda kimoja, na huruma ya mwanamke kwa mbwa ndiyo iliyomponza. Marlene Clark ana uso wa kuubeba msiba huo. Filamu haimpi hata dakika moja ya maombolezo. Inakimbilia jibu lake, inamwua Jan, inamwonyesha Newcliffe jeraha la meno mwilini mwake, naye anajimaliza kwa risasi ya fedha. Mwisho huo ungekuwa mkubwa kama ungekuwa umelimwa. Kwa jinsi ulivyo, ni zao lililonunuliwa sokoni. Baadaye wauzaji wa kanda za video Marekani walizidisha fedheha kwa kuiita filamu Black Werewolf, wakimgeuza mwindaji mweusi kuwa mnyama juu ya jalada kabla hadithi haijafika huko.

Jina hilo la jalada si jambo dogo. Mchezo wa "nani kati yetu ni mnyama?" unaweza kuwa burudani pale ambapo hapana anayeuamini. Katika Tanzania ulichezwa kwa damu. Huko Singida, mnamo miaka ya 1946 na 1947, watu wengi waliuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya makucha. Ikasemwa kwamba wauaji ni watu-simba, na kesi zikafika mahakamani. Katika nchi ya Usukuma, kwa miaka mingi baada ya hapo, bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo, mara nyingi, ni wa moshi wa jikoni. Msanii anayeuliza swali hili mbele ya hadhira kama hiyo anashika kisu kwenye makali. Hawezi kuliuliza kama tombola. Ana wajibu wa kuonyesha anayenyoosha kidole ni nani na anapata faida gani, jambo ambalo mtu kama Newcliffe, na bunduki yake na kamera zake, angelionyesha vizuri kuliko mhusika yeyote.

Nasaha hii inawahusu pia watengenezaji wa filamu za Kiswahili. Katika muongo wa kwanza wa karne hii Mussa Banzi alifungua njia ya filamu za kutisha za Dar es Salaam, kwa kazi kama Nsyuka na Shumileta, zilizotengenezwa kwa fedha ambazo hata Amicus ingeziita kidogo. Waliozicheka kwa sababu ya meno ya bandia walicheka kitu kisichostahili kichekwe. Swali la kuuliza mbele ya filamu kama hizo ni lile lile lililoulizwa hapa: je, mnyama ametoka wapi, na nani alimfungulia mlango? Ukungu wa Magamba juu ya mji wa Lushoto haulipishwi kodi. Mbega na Vuga yake havijapata filamu inayolingana navyo. Kijana atakayeichukua kamera kupanda milima hiyo hatahitaji manyoya. Atahitaji kuisoma Habari za Wakilindi na kumtafuta mwigizaji mwenye mwendo kama wa Calvin Lockhart.

Kwa muhtasari, The Beast Must Die ina tukio moja la mwanzo lililo zuri, mwigizaji mmoja mkuu aliyedhulumiwa na maneno aliyopewa, na kifo kimoja ambacho kingeweza kuwa msiba. Mengine ni mbwa akikimbia katika mchana uliotiwa weusi. Inafaa kutazamwa mara moja na kila anayetunga hadithi, apate kuona jinsi mtu anavyoweza kupita karibu kabisa na jambo kubwa asilione, kama aliyeshindwa kulitambua yai. Saa inapopigwa na nusu dakika ikaisha, mtazamaji hadaiwi mji wowote, naye anaondoka akiwa na miji yake yote.